Mlima wa Saio Juu ya Kifuniko cha Biskuti

Kila mwaka, siku ya askari wa zamani, Placide alipanda kutoka Baraka hadi Fizi akiwa na koti lake la kaki na medali kifuani, akasimama mstarini juani, akasikiliza jinsi ofisa wa Kibelgiji alivyouteka mlima wa Saio peke yake. Bwana Administrateur, mkubwa wa territoire, yaani wilaya nzima, aliisoma habari hiyo kwa sauti nzuri sana. Ofisa alipanda. Ofisa alipiga. Wataliano wakanyoosha mikono mbele ya ofisa. Askari weusi walitajwa mwisho kabisa, baada ya nyumbu wa kubeba mizigo, wakasifiwa kwa uvumilivu.

Placide alikuwa kaporali katika vita vile vya Abisinia. Sasa alikuwa fundi wa kushona kwenye baraza ya duka moja pale Baraka, mtu mfupi, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Hakuwa mtu wa kubishana na serikali. Lakini mwaka ule wa hamsini na nne, aliposikia tena nyumbu wametangulizwa mbele yake, aliyarudia maneno yale moyoni njia nzima ya kuteremka mpaka ziwani.

Alipofika nyumbani alikuwa ameshakata shauri. Kabla ya mvua kuanza kungekuwa na maonyesho pale Fizi, ya mazao na kazi za mikono, na Bwana Administrateur mwenyewe angepita meza hadi meza. Placide angemjengea mlima wa Saio, na askari wake, kila mmoja mahali pake. Maneno mtu huyasoma apendavyo, alijiambia, lakini kitu kilichokaa mezani kila mwenye macho atakiona kilivyo.

Akaanza kwa kung'oa mlango wa chumba cha kulala. Aliulaza uani juu ya mawe na kumwaga udongo wa kutosha kuzika mbuzi. Mke wake, Adolphine, alirudi kutoka shambani na mzigo wa mihogo kichwani, akautazama uwazi ulipokuwa mlango, akautazama mlango ulipokuwa mlima, kisha akauliza kwa upole kama Wataliano ndio watakaolinda nyumba usiku huo. Mlango ukarudi mahali pake kabla bukari, ugali wa jioni, haijaiva.

Akahamia kwenye kigoda. Kigoda nacho hakikudumu, maana siku chache baadaye alipita Isidore, karani wa bureau ya Fizi, ofisi ya serikali, aliyepewa kazi ya kupanga meza za maonyesho. Placide alimweleza mpango wake kwa heshima zote. Isidore alikuna kidevu. Meza, alisema, ni za pamba, mihogo, mikeka na vyungu. Vita havikutajwa mahali popote. Hata hivyo, kwa kuwa Placide ndiye aliyemshonea suruali ya harusi, angeweza kumtafutia nafasi ya sahani moja, katikati ya vyungu na mananasi. Si sinia. Sahani.

Placide alizungusha kidole hewani kupima ukubwa wa sahani. Kisha akaenda kumwomba mkewe kifuniko cha bati la biskuti. Adolphine alikitoa bila ubishi. Afadhali kifuniko, alisema, kuliko mlango.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mlima aliufinyanga kwa udongo wa kichuguu, ukaja juu kama ngumi ya mtoto. Majani yalitoka kwenye ufagio uliochakaa. Askari hawakuzidi punje ya harage kwa urefu, na aliwachonga kwa ncha ya sindano huku amebana pumzi, kwa sababu mara ya kwanza alipohema aliangusha kikosi kizima. Bunduki zilikuwa vipande vya sindano zilizovunjika, na kila askari alipata kofia ya kaki iliyokatwa kwenye mabaki ya suruali za watu. Askari wa mbele kabisa, karibu na kilele, alikuwa kaporali mmoja mfupi. Placide alimtengeneza kwa muda mrefu kuliko wengine wote, kioo kikiwa kimeegemezwa kwenye mashini ya kushonea.

Taabu ilikuwa ya wazungu. Udongo wa Baraka, hata uoshwe vipi, haukukubali kutoa mzungu. Alijaribu chokaa, ikapasuka. Alijaribu nta, ikayeyuka saa sita mchana. Jioni moja alikuwa anakula huku anawaza, tonge la bukari mkononi, bukari nyeupe ya muhogo, na lile tonge likageuka mabega, likapata shingo. Adolphine alimwona mumewe akikitazama chakula kama mtu aliyetokewa na malaika, akajua kwamba mboga itapoa.

Bukari ilipokauka ikawa ngumu kama mfupa. Kwa bukari alifinyanga Wataliano chini ya mlima upande wa pili, mikono juu, mmoja wao ameshika bendera nyeupe ya kitambaa. Kwa bukari alifinyanga pia ofisa wa Kibelgiji, akamweka mahali pazuri, nyuma kidogo ya yule kaporali mfupi. Placide alitaka haki, hakutaka matata. Alijua kwamba mtu akimtoa ofisa mlimani ataitwa bureau kueleza amemweka wapi.

Siku ya soko akaja Alphonse. Huyu alikuwa mvuvi wa Ubwari, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuitana toka mtumbwi hadi mtumbwi, na kule Abisinia ndiye aliyekuwa mpishi wa kikosi chao. Aliinama mpaka pua ikakaribia kilele, akatafuta, akatafuta tena.

"Mi niko wapi hapa?"

Placide alimwambia ukweli. Kifuniko iko kidogo, na wapishi hawakupiga bunduki.

"Nani alipanda mulima na njaa?" aliuliza Alphonse. "Toa Mutaliano moja, weka mi na chungu yangu."

Walijadiliana kutwa. Siku ya soko iliyofuata Alphonse alileta ndagala, dagaa wa ziwani, na iliyofuata tena akaleta samaki mkubwa wa kuchoma, na Adolphine akaanza kusema kwamba haoni ubaya wa kumtoa Mtaliano mmoja. Mtaliano akatolewa. Alphonse akawekwa chini ya mlima, nyuma ya jiwe, na chungu kisichozidi mbegu ya pilipili. Alishukuru sana. Lakini kila alipokuja, Placide akigeuka tu kumpima mteja kiuno, chungu kilikuwa kimepanda mlima kidogo. Ijumaa moja alikikuta kimeipita mitrayezi, ile bunduki ya rashasha katikati ya mteremko. Alikirudisha nyuma ya jiwe bila kusema kitu, na Alphonse akatazama ziwa kana kwamba amesikia mtu akimwita kutoka ng'ambo.

Siku ya safari Placide alisukuma baiskeli yenye mizigo, na Alphonse akabeba kifuniko kwa mikono miwili, mwavuli umefungwa begani, anatembea polepole kama padri mwenye Ekaristi. Wanawake waliokuwa wakiteremka na vikapu walipisha njia, na mmoja alipiga ishara ya msalaba. Juu milimani ukungu ukawashukia. Udongo ulivumilia, lakini bukari ilianza kukumbuka kwamba iliwahi kuwa chakula. Ofisa akainama. Wataliano wakashikana kama ndugu.

Walifika Fizi jioni, wakalala kwa Félicité, shangazi yake Adolphine. Asubuhi jua lilitoka vizuri, na Placide akakiweka kifuniko juu ya kinu kilichopinduliwa uani, ili wazungu wakauke. Kisha wakaingia ndani kunywa chai.

Félicité alikuwa na kuku. Walikuwa kuku wa kawaida, wenye adabu ya kawaida ya kuku, na hawakumgusa hata askari mmoja wa udongo. Walikula bukari tu. Placide alipotoka, ofisa hakuwepo, na viatu vyake havikuwepo. Wataliano walikuwa wamekwisha wote. Bendera nyeupe bado ilikuwa imesimama peke yake chini ya mlima, na kando yake kuku mmoja mwekundu alikuwa akisugua mdomo kwenye majani ya Abisinia.

Placide aliketi chini pale pale. Alphonse, ambaye tangu zamani aliamini kwamba hakuna balaa isiyo na dawa jikoni, alikimbilia chungu cha Félicité. Siku hiyo mama yule alikuwa amesonga bukari ya mahindi, ya njano. Alphonse alitoka na ofisa mpya, mnene, wa njano, kichwa kikubwa kuliko mitrayezi. Placide alimtazama kwa muda, akasema mtu huyu apelekwe hospitali, asipelekwe vitani. Hapo tarumbeta ikalia kwenye uwanja wa bureau. Hapakuwa na muda wa kumpata mwingine. Wakauchukua mlima ulivyo, na njia nzima Placide alikuwa anapanga moyoni maneno ya kumjibu Bwana Administrateur, na mengine ya kupelekewa Adolphine kama yeye hatarudi.

Isidore aliwapokea, akakiweka kifuniko kati ya vyungu na mananasi, akatazama, akahesabu kwa macho, asione mzungu hata mmoja. Alirudi nyuma ya mananasi na kukaa huko.

Bwana Administrateur alikuja na mke wake, akisifu pamba, akibonyeza mihogo. Alipofika kwenye mlima alisimama. Alivua kofia yake ya jua, akainama, na mkewe naye akainama. Placide alisimama wima kama kwenye gwaride, akitazama upepo.

"Saio," alisema Bwana Administrateur, naye akaonekana kufurahi. Kisha akaiona bendera. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha bureau, wenye bendera wako wapi.

"Balikimbia, Bwana Mukubwa," alisema Placide. Sauti ilitoka nyembamba.

Kidole cha Bwana Administrateur kilipanda mlima polepole, kikapita askari mmoja mmoja, kikafika kileleni, kikateremka upande wa pili.

"Na officier?"

Maneno yote aliyoyapanga Placide njiani yaliruka pamoja kama ndege. Alisikia nyuma yake Alphonse akivuta pumzi.

"Anabafuata, Bwana Mukubwa," alisema Alphonse. "Alitupita bote, akaenda mbele sana. Kifuniko haikumufikia."

Isidore alikuwa ameshika nanasi kwa mikono miwili. Bwana Administrateur alinyanyuka taratibu, akamgeukia mkewe na kumweleza kwa Kifaransa, kwa kirefu, huku akinyoosha mkono kuonyesha mahali ofisa alipokuwa, mbali, ng'ambo ya vyungu. Mama yule alitazama vyungu kwa heshima. Kisha Bwana Administrateur akampa Placide mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akaagiza apewe zawadi. Zawadi zote zilikuwa zimeandaliwa kwa wakulima wa pamba, kwa hiyo fundi wa kushona akapata jembe.

Mchana askari wa zamani waliitwa mstarini, na katika hotuba ya Bwana Administrateur ofisa hakuuteka mlima tu. Aliupita. Aliwafukuza Wataliano mbali sana, peke yake, mpaka jeshi lake mwenyewe likawa halimwoni tena. Placide alisikiliza, jembe begani, akaelewa kwamba kazi yake yote ya sindano imemwongezea ofisa nchi nyingine ya kuteka. Alimtazama Alphonse kwa pembeni. Alphonse alikuwa amesimama imara, kidevu juu, na machozi yanamtiririka kwa kuzuia kicheko. Mtu aliyekuwa karibu naye alimpa kitambaa, akidhani amekumbuka wenzake waliokufa.

Hotuba ilipokwisha, askari wa zamani walitoka mstarini na kwenda mezani. Walitoka Misisi, walitoka Lubondja, na wawili waliteremka kutoka milima ya ng'ombe na fimbo zao ndefu. Waliinama juu ya kifuniko bega kwa bega. Wa kwanza kusema alikuwa Raphaël wa Lubondja, mzee mwembamba anayechechemea. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja mpaka kileleni, kwa yule kaporali mfupi wa mbele.

"Huyu ni mi," alisema. Akageuka kumwita mke wake. "Anastasie, kuya uone. Mi nilikuambia nilikuwa mbele, we ukasema ni bongo, ni uongo."

Placide alifungua kinywa kumsahihisha. Ile sura aliijua. Ilimchukua siku nyingi na kioo. Anastasie alifika, akainama, akatazama sana, akamtazama mume wake, akarudi kutazama.

"Ni kweli," alisema. "Masikio ni yako."

Mzee alikuwa ameushika ukingo wa meza, akirudia maneno ya mkewe chini chini. Placide akafunga kinywa. Baadaye kidogo akamuuliza, kama anavyowauliza wateja urefu wa mkono, risasi ilimpiga mguu upi.

Wa kushoto, alisema Raphaël. Chini ya goti.

Placide alichomoa sindano kwenye ukosi wa koti lake, akasogeza miwani, akabana pumzi, akauchonga mguu wa kushoto wa kaporali ukapinda kidogo tu, chini ya goti. Alipoinua macho, mtu wa Misisi alikuwa ameshasogea, akimwonyesha askari wa tatu na kumweleza kwamba siku ile yeye hakuwa na kofia; iliruka na upepo. Na nyuma yake wengine walikuwa wanapanga mstari, huku Isidore akiwasihi wasiegemee mananasi.