Ndoo ya Bibi Stoyna na Sheria ya Ulaya

Somo la misingi ya sheria ya Umoja wa Ulaya lilikuwa limenibwaga mara mbili, na chuo chetu hakimpi mtu zaidi ya mara tatu. Nikifeli tena, ni kufungasha virago na kwenda kwa mjomba Rangel, anayelima uyoga kwenye handaki lenye giza na harufu ya samadi. Mjomba alishaninunulia mabuti ya mpira. Roho iliniuma kila nilipoyaona pale mlangoni.

Bibi Stoyna, aliyenilea, hakuilaumu akili yangu. Aliyalaumu maji. Kwetu Tarnovo mtu akienda kwenye mtihani humwagiwa maji kizingitini, ayavuke, mambo yake yatiririke kama yale maji, na akishavuka hageuki nyuma. Mara ya kwanza bibi alimwaga glasi, nikafeli. Mara ya pili jagi, nikafeli vilevile.

Asubuhi ya mtihani wa tatu ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio. Bibi akatoka na ndoo ya shaba imejaa pomoni.

"Bibi we! Ndoo nzima?"

"Nyamaza, Zornitsa. Glasi umefeli, jagi umefeli. Sasa unataka nikumwagie kwa kijiko?"

Akamwaga. Nikaruka, nikashika njia ya kupanda chuoni. Maji yakateremka mtaani juu ya mawe yenye barafu. Sijafika hata kona, nikasikia nyuma yangu mguu ukiteleza, kisha puu! Mwanamume akaanza kutukana, na matusi yenyewe yalikuwa ya mtu aliyesoma. Shingo iliniwasha kwa hamu ya kugeuka. Sikugeuka.

Profesa Karastanev aliingia kwenye chumba cha mtihani akichechemea, suruali imelowa kuanzia nyonga hadi goti.

"Kuna mwendawazimu anamwaga maji barabarani kwenye baridi hii," alisema akijikalisha kwa shida. "Nikimjua, atanitambua!"

Nikayakwepa macho yake. Vikaratasi vya maswali vilikuwa vimefudikizwa mezani, nikachomoa kimoja: kanuni ya uwiano. Afadhali, hiyo niliijua. Mamlaka ikiweka hatua inayowabana watu, hatua hiyo lazima ifae kwa lengo lake, pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kulifikia, na madhara yasizidi faida. Niliyataja yote bila kukwama.

"Umekariri," alisema Profesa. "Kasuku naye anakariri. Nipe mfano. Na ile ya kitabuni usiniletee, imenichosha. Nipe wa hapahapa Tarnovo."

Nilichokiona mbele yangu ni ile suruali tu.

"Tuseme... kuna mtu kamwaga ndoo ya maji barabarani."

Profesa akavua miwani. "Enhe. Endelea."

"Lengo lake ni halali: mjukuu afaulu. Njia nyepesi zimejaribiwa, glasi kisha jagi, zote zimeshindwa. Kwa hiyo ndoo ilikuwa ya lazima."

"Mtu huyo ni nani?"

"Bibi yangu, Profesa."

"Na wewe ulinisikia nikianguka?"

"Nilikusikia."

"Ukaendelea na safari zako!"

"Nilikuwa nimeshavuka maji, Profesa. Ningegeukaje?"

Akavaa tena miwani. Naye ni wa Tarnovo, na mama yake alimmwagia vilevile. "Hilo nalielewa," alinung'unika. "Lakini nyonga yangu je? Madhara hayajazidi faida?"

"Nyonga itapona, Profesa. Mimi nikifeli leo, ni uyoga mpaka uzeeni."

"Bado sharti la kwanza. Hatua lazima ifae kwa lengo lake. Ndoo inafaa?"

"Hilo unalijua wewe," nikasema, na sijui ujasiri ule niliutoa wapi. "Ukinifelisha, ndoo haikufaa kitu, na wewe umeumia bure. Ukinipasisha, umeanguka kihalali kabisa."

Alinikazia macho mpaka nikaanza kunusa samadi. Kisha akacheka, akaishika nyonga, akaguna, akacheka tena. Akaandika tatu, alama ya chini kabisa ya kufaulu.

"Nani anataka kuanguka bure?" alisema. "Mwambie bibi yako kuanzia leo ni glasi tu. Ni amri!"

Nilirudi nyumbani mbio, nikayapiga teke yale mabuti mlangoni kwa furaha.

"Tatu, Bibi! Nimefaulu!"

"Tatu kati ya sita?" Bibi alishika kiuno. "Kwa ndoo nzima?"

Nikamweleza amri ya Profesa, neno kwa neno. Hakunisikia. Nilikuwa nimebakiza mtihani wa sheria ya kodi, mwezi wa Juni, na macho yake yalishahamia uani, kwenye pipa la kabichi ya chumvi, ambalo kufikia Juni huwa tupu.