Chambo cha Mzee Hoyt

Kitu cha kwanza alichokitambua Ardith asubuhi ile kilikuwa harufu ya naftalini. Alifungua kifuniko cha sanduku la manyoya, akakirudisha, akakifungua tena. Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo vilikuwa vimemwagwa humo kama peremende, juu ya manyoya meusi, ya kijani kikali na meupe.

"Nani ametia vidonge humu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi." Charla, mke wa kaka yake, alikuwa amesimama mlangoni, kikombe cha kahawa kimekaa juu ya tumbo lake la ujauzito. "Sanduku lilikuwa na wadudu, wifi. Hukuona. Wewe huoni kitu mpaka usukumwe."

Manyoya hayo yalifungwa kwenye ndoano yawe chambo cha kuvulia krapi. Krapi ni samaki mwenye kudeka. Akionja chambo chenye harufu ya kabati, hukitema kabla mvuvi hajahisi kitu. Kila aliyekulia kando ya ziwa lile alijua hivyo. Charla alikuja kwa kuolewa, na tangu Krismasi, walipohamia nyumbani hapo yeye na mumewe, alikuwa ameamua kwamba meza ya kufungia chambo ingekuwa yake.

Mzee Hoyt, baba yake Ardith, alikuwa ameketi karibu na hita, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoazimwa. Tangu apigwe na kiharusi, alikuwa akifunga mlango wa chumba kile kila alasiri, anawasha redio, na Ardith anakaa mezani. Nyumba nzima ilidhani msichana anamkatia baba yake uzi. Dukani kwa bwana Purvis, pale mashua zinaposhushwa majini, vyambo vilitundikwa ukutani chini ya jina la Hoyt, na wateja waliambiwa mkono wa mzee umepona. Ndivyo Hoyt alivyomwambia Purvis. Baba na binti hawakuwahi kulitaja jambo hilo, hata wakiwa wawili tu.

"Purvis anakuja sasa hivi," alisema Hoyt. "Nyinyi wawili, kila mmoja afunge chambo kimoja. Atakachokichukua, aliyekifunga abaki na meza."

"Na mwingine?" aliuliza Charla, kisha akajijibu. "Wifi, nimeshaongea na msimamizi wa kiwanda cha kuku. Wanatafuta watu wa kukata mabawa. Kule mtu haongei kutwa nzima. Patakufaa."

Hoyt aliangalia hita.

Charla alimwaga vitu vyake mezani: nyuzi za kumeta, manyoya ya bandia ya rangi ya waridi, shanga. "Samaki kama wanaume tu," alisema. "Anafuata kinachong'aa." Hoyt akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unacheka.

Ardith alichukua ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi na uzi mweusi. Mvua ya wiki ile ilikuwa imeyafanya maji kuwa kama kahawa ya maziwa, na katika maji kama hayo krapi huona kivuli tu, kwa hiyo chambo kiwe cheusi. Tatizo lilikuwa mkia wa chambo. Mkia wa kindi ulining'inia ukutani, lakini nywele zake ni ngumu; hufaa maji yakishapata joto na samaki wakaanza kukimbiza. Sasa maji yalikuwa baridi na samaki wametulia. Mkia ulipaswa kutikisika wenyewe. Alichagua unyoya mmoja sandukuni, akauosha kwa sabuni, akauweka kwenye ulimi. Dawa tupu.

Akainuka, akaenda chumbani kwa baba yake.

Mto wa kulalia alioushona mama yake ulikuwa kitandani. Kila baba yake alipopiga bata mzinga wa mwituni, mama yake alikuwa akichambua manyoya laini ya chini, ya kijivu yanayokaribia weusi, akayajaza humo. Alikuwa ameushona ukingoni kwa uzi mwekundu. Sasa alikuwa kaburini. Ardith aliukata ule uzi, akachota kidogo, akanusa. Vumbi tu.

Aliporudi, Hoyt aliyaona manyoya mkononi mwake, na uso wake ukabadilika.

"Umeyatoa wapi?"

Ardith alikaza ndoano kwenye jiriwa.

"Nakuuliza wewe. Umechana mto wa mama yako?"

"Kwa ajili ya samaki," alisema Charla. "Mungu wangu."

Ardith aliuchukua uzi. Alilowesha manyoya kwa midomo, akayafunga, akauzungusha uzi mweusi mwilini. Mkia wenyewe aliukata kwa kucha, kwa sababu mkasi huacha ncha butu. Charla alikata wake kwa mkasi.

Bwana Purvis aliingia na ndoo ya maji ya ziwani. Hakuwahi kuangalia chambo kikiwa kikavu. "Ukiwa mkavu, hata ufagio unapendeza," alisema, akavikuta viwili mezani na kuvifunga kwenye kamba. Cha Charla kilizama kiking'aa, na mkia wake ukagandamana kama brashi iliyolowa. Cha Ardith kilitulia katikati ya maji, na bila mtu kukivuta mkia ukafunguka, ukafumba, ukafunguka.

Purvis akacheka. "Mnanichezea nyinyi. Hiki ni cha Hoyt. Hoyt, umekifunga mwenyewe, kweli si kweli?"

Charla akatazama ndani ya kikombe chake.

Hoyt hakumtazama binti yake. "Changu," alisema. "Msichana alishindwa, nikamfungia. Ameishia kuharibu mto wangu tu. Meza ni ya Charla."

"Basi Jumatatu nakupeleka mwenyewe kiwandani, wifi," alisema Charla.

Purvis alikuwa ameshakitoa chambo majini na kukitia mfukoni. Ardith alisimama. Sauti ilitoka kavu, ikamfanya Purvis ageuke.

"Mkono wake haujapona, bwana Purvis. Haujawahi kupona. Vyote vilivyo ukutani kwako nimevifunga mimi, yeye akisikiliza redio. Inua mkono, baba. Mwonyeshe."