Uso wa Dada Kwenye Mkanda

Fundi aliufunga mlango, akapachika ndoano ya komeo, akauziba upenyo wa chini kwa blanketi. Giza likawa totoro.

"Umekaa sawa?" aliuliza Mzee wa Studio kutoka upande wa pili wa mlango.

"Nimekaa, mzee."

"Unaona nini?"

"Hata pua yangu siioni."

"Hapo ndipo penyewe. Ukiona kitu, ujue mwanga umeingia na mkanda wa picha umeungua."

Mwanamke huyu, waliomwita Fundi walimwita hivyo kwa sababu ya cherehani. Miaka ishirini alikuwa akishona sare za shule. Kupiga picha alikuwa na miezi miwili tu. Mzee huyu, aliyezeeka akipiga picha nyeusi na nyeupe na ambaye sasa hata kikombe cha maji kilimwagika mkononi kwa kutetemeka, alimwazima kamera na kumfundisha kuuvingirisha mkanda kwenye kigurudumu chake, kwanza mchana kweupe, kisha macho yakiwa yamefumbwa. Siku zote hizo walitumia mkanda mbovu. Leo aliushika mkanda wa kweli, na humo mlikuwa na uso wa dada yake.

Dada alikuwa chumba cha upasuaji tangu alfajiri. Madaktari walikuwa wanaondoa uvimbe pamoja na nusu ya taya, nao hawakumficha: uso hautarudi ulivyokuwa. Juzi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akageuza upande usiovimba.

"Nipige na hilo likamera lako la kizamani," alisema. "Za simu sitaki. Ya simu kesho iko kwa kila mwenye bando. Na ile ya kitambulisho nimekaa kama mtu aliyekamatwa."

"Dada, mimi bado najifunza."

"Jifunzie kwangu. Kwani mimi nimeshawahi kupasuliwa taya? Wote wanafunzi."

Zikapigwa picha kumi na mbili, mkanda ukaisha. Jana dada akalazwa.

Sasa Fundi alikuwa ameshaking'oa kifuniko cha kibati cha mkanda, na mkanda wote ulikuwa wazi mikononi mwake. Alipapasa mdomo wa kigurudumu, akaingiza ncha, akazungusha. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu ukagoma.

"Umekwama, mzee."

"Umelazimisha?"

"Kidogo."

"Mikono ya cherehani hiyo! Humo hakuna kanyagio. Urudishe nyuma, taratibu, kisha ukate pale palipokunjika."

Kabla hajaurudisha, alisikia viatu vikija mbio uani, na sauti ya mama yake.

"Yuko wapi mwanangu?"

"Yumo ndani, mama, ila usi..."

Kitasa kikatikisika. "Wewe! Fungua. Nimetoka hospitali."

Fundi akausogelea mlango. "Mama, dada vipi?"

Kitasa kikatikisika tena.

"Mama!"

"Fungua kwanza."

Fundi alimjua mama yake. Baba yao alipofariki, mama alipata habari kwa jirani aliyepiga kelele juu ya ukuta, yeye akiwa ameshika beseni la nguo. Tangu siku ile aliapa kwamba habari ya mgonjwa, iwe njema iwe mbaya, ataisema ana kwa ana na mtu akiwa ameketi. Kwa hiyo kimya chake hakikumwambia Fundi lolote, na hilo ndilo lililomtesa.

"Mama, nikifungua, picha za dada zinaungua zote. Niambie neno moja tu."

"Mimi siongei na mlango."

"Mama yangu," Mzee wa Studio aliingilia, "mwanga kidogo tu ukiingia, uso wa mwanao umefutika."

"Uso huo niliuzaa mimi! Leo nizuiwe na utepe wa plastiki?"

Mlango ukasukumwa. Ndoano ya komeo ikalia kwenye msumari wake. Fundi akageuka, akaukandamiza mlango kwa mgongo, mikono yake miwili ikiwa mbele na mkanda, kama mtu aliyebeba kifaranga. Moyo ulikuwa unataka kufungua. Alijiambia: kama dada ameondoka, hizi kumi na mbili ndizo zilizobaki; kama yu hai, ataamka aziulize. Kwa vyovyote mkanda haukuwa na ruhusa ya kuungua.

"Ee Mungu, nishikie mikono," alinong'ona.

Akafuta jasho kwenye gauni, kidole kimoja kimoja. Akaurudisha mkanda nyuma. Akapapasa mkasi uliokuwa ukining'inia shingoni, akaikata ile sehemu iliyokunjika, akazipunguza pembe mshazari kama anavyopunguza kola. Akaingiza tena. Nje mama alikuwa ameacha kusukuma; sasa alikuwa analia, kilio cha chini ambacho Fundi hakuweza kukisoma. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu ukapita. Hakukimbia. Alizungusha mpaka mkia wa mkanda ukamponyoka vidoleni, akatia kigurudumu ndani ya kopo lisilopitisha mwanga, akakaza kifuniko.

"Nimefunga, mzee."

"Kaza tena."

"Kimekaza."

Ndipo akafungua.

Mama alikuwa amesimama na mfuko wa hospitali, macho mekundu. "Kaa."

Fundi akakaa juu ya ndoo.

"Ameamka," mama alisema. "Kafungwa bandeji kichwa kizima, kusema hawezi, ila ameamka. Akaomba kalamu." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kulikuwa na neno moja, limepinda: *Picha?* "Nimekatiza mji mzima na neno hilo, halafu unanifungia mlango!"

Fundi akaangua kilio.

"Utalia baadaye," alisema Mzee wa Studio. "Dawa ya kuusafisha mkanda imeshapimwa joto lake, haisubiri."

Wakamimina dawa. Mama ndiye aliyepewa saa, naye aliitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni. Ikaja dawa ya kuzikazia picha, yakaja maji. Fundi akauvuta mkanda, unachuruzika, akauinua kwenye dirisha la chumba cha wateja.

"Yesu wangu! Mbona nywele nyeupe na meno meusi? Mmemchoma mtoto!"

"Hapo kila kitu ni kinyume, mama. Kwenye karatasi ya picha vitarudi mahali pake."

Ya kwanza ilikuwa na alama kama ya kucha karibu na sikio, pale Fundi alipolazimisha. Nyingine zote zilikuwa safi. Mama alisogeza kidole mpaka karibu na kidevu cha mwanawe, asikiguse.

"Hii ya nne anacheka," alisema.

Kisha akaigeuza ile karatasi, akaiweka juu ya meza mbele ya Fundi. "Mwandikie upesi, niwahi saa ya kuona wagonjwa."

Fundi aliandika kwa mkono uliolowa: *Zimetoka. Ya nne unacheka.* Mama akaipuliza wino ukauke, akaikunja, akatoka mbio.