Shoka la Kwanza

Shoka la kwanza nilipiga mimi. Naanza hapo ili mtu asije akanionea huruma ya bure, akidhani niliviziwa nimelala. Nilikuwa macho, jua linawaka, majirani wamesimama, nami Mwanajuma binti Kibwana nikalishika shoka kwa mikono miwili nikaupiga mnazi wangu mwenyewe. Kisha nikaupiga wa pili. Nilipiga minazi sita, na kila mmoja niliupiga nikicheka.

Kwetu Kurui mnazi hauangushwi hivi hivi. Nyumba inaweza kuwa ya huyu, na mnazi ulio mbele ya mlango wake ukawa wa yule, na kijiji kizima kinajua. Serikali ilitwambia ardhi ni ya wote, tukaitikia, lakini mti una mwenyewe. Basi mkataji akija hagusi kitu mpaka mwenye mti aupige shoka la kwanza mbele ya watu, kesho asije akasema ameibiwa. Na maadamu mti wako umesimama uwanjani, hakuna wa kukuuliza unatafuta nini pale. Unaingia, unaangua nazi zako, unakaa, unaondoka ukitaka.

Mimi nilikuwa na minazi saba kwenye uwanja wa baba. Alipofariki mwaka wa sabini na tano, wazee waligawa. Nyumba ikaenda kwa mdogo wangu Zahoro, ndiye mwanamume, na ile minazi saba inayoizunguka nikapewa mimi. Sikunung'unika. Nilikuwa nimerudi nyumbani na talaka yangu miaka sita kabla, nikamuuguza baba mpaka siku yake ya mwisho, na ndani ya nyumba ile ndimo nilimokuwa nikiishi. Zahoro alikuwa na kazi yake Kibaha, anakaa Tangini na mkewe na watoto, Kurui tunamwona Idi kwa Idi. Ukuta ukibomoka nakandika mimi, makuti yakioza nasuka mengine mimi.

Halafu Zahoro si ndugu tu kwangu. Mama alikufa yeye ana miaka mitano na mimi kumi na minne. Nilimbeba mgongoni, nikamtafunia chakula alipougua surua, watu wakaniita mama Zahoro kabla hata sijaolewa. Sisemi haya kumsimanga. Nasema ili mjue ni nani aliyenifanyia.

Mwaka wa themanini na tatu, korosho zimeanza kuanguka, alikuja na gari la kazini kwake pamoja na mtu mwembamba mwenye penseli sikioni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Mbona si Idi?"

Akacheka. Akasema huyu ni Fundi Ponsiano kutoka Kibaha, na kwamba nyumba ya baba inatutia aibu, watu wote wanapanda juu sisi bado tuna makuti. Anataka tuiinue. Bati juu, saruji chini, na vyumba viwili viongezwe kwa mbele. Siku zile bati hulipati bila kibali, na kibali hukipati bila kumjua mtu. Zahoro alikuwa anamjua mtu.

Jamani, nilifurahi. Siku nzima tulizunguka nyumba ile sisi watatu. Fundi alikuwa akichoma kila nguzo kwa ncha ya kisu, na ikizama kama kwenye muhogo uliochemka anaweka alama ya chokaa, hiyo itatolewa. Mimi ndiye niliyewaonyesha ukuta wa magharibi unaolegea kila masika, na mahali maji yanapoingilia, na chumba ambacho mchwa wamekifanya chao. Zahoro akawa anasema, "Fundi, msikilize dada, nyumba anaijua yeye." Alinivika kilemba cha ukoka mchana kutwa, nami nikatembea nacho.

Wakavuta kamba ya katani, wakapigilia vigingi vya vyumba vipya. Ndipo Zahoro akaniuliza, "Na wewe dada, chumba chako unakitaka upande gani?"

Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Kwa baba nililala nilipopangiwa, kwa mume vivyo hivyo. Nikasema, "Mashariki. Dirisha litazame njia ya kisimani, niwe naona watu wakipita."

"Fundi, andika."

Fundi Ponsiano akaandika, nikamwona kwa macho yangu.

"Kuna jambo moja tu," Zahoro akasema, na sauti ikashuka. "Minazi yako, dada. Mmoja umekaa kwenye kona ya sebule, na hii mingine imeinamia paa. Kwenye makuti nazi ikidondoka si neno. Kwenye bati itatoboa. Lakini ni mali yako, siwezi kukulazimisha."

Sikumwacha hata amalize. Nikamwambia nina haja gani ya minazi nje kama nitakuwa na chumba ndani. Nikamwambia akamwite Matano.

Matano ndiye mkataji wetu, mzee wa makamo, maneno machache. Alikuja Jumatano na majirani wakaja, ikawa kama sherehe. Nikapiga shoka la kwanza, yeye akamalizia. Kufikia Alhamisi adhuhuri ilikuwa imelala sita. Ukabaki ule wa mbele, wa kwenye kona ya sebule. Matano akasema mgongo umekataa, na kesho ni Ijumaa, huo tutauangusha Jumamosi. Zahoro akarudi zake Kibaha kufuatilia kibali.

Ijumaa alasiri Fundi Ponsiano alikuwa anapima uwanja, manyunyu yakaanza. Akanikimbilia na ile karatasi ya ramani. "Mama, nihifadhie ndani isilowe." Akarudi kuziwahi kamba zake.

Sasa Zahoro hajui kama nasoma. Barua zake za zamani nilikuwa nasomewa na jirani, naye akabaki na picha hiyo. Hajui kwamba mwaka wa sabini na tatu niliingia kisomo cha watu wazima, nikafanya mtihani, nikashinda. Hakuwahi kuuliza. Nikaikunjua karatasi kitandani kwangu nikitaka tu kuona jina langu lilivyokaa kwenye chumba changu.

Sebule nikaiona. "Baba na Mama." "Watoto." "Wageni." Nikaenda kwa kidole mpaka mashariki. Chumba kipo, dirisha lipo, limetazama njia ya kisimani kama nilivyoomba. Katikati yake pameandikwa "Stoo ya korosho". Chini ya maneno hayo karatasi ilikuwa imekwaruzika kwa kifutio, lakini penseli ilikuwa imekandamizwa, alama haikuondoka. Ilisomeka "Dada".

Nikajipa moyo kwamba labda nimehamishiwa chumba kingine, nikavipitia vyote tena, kimoja kimoja. Sikuwemo. Nikatoka nje na karatasi mkononi, manyunyu yananipiga.

"Fundi, mimi nalala wapi humu?"

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaelewa kwamba nimesoma. "Mama, mimi nachora ninachoambiwa."

"Najua. Aliyekwambia ufute, alikwambia lini?"

"Siku ile ile ya kwanza, mama. Tulipokuwa kwenye gari tunarudi."

Siku ile ile ya kwanza. Kabla ya Matano, kabla ya shoka. Magogo yangu sita yalikuwa yamelala uwanjani, utomvu bado mbichi, na mtu niliyemtafunia chakula alikuwa ameshayapangia hayo yote tangu yamesimama.

Jumamosi asubuhi gari likaja. Zahoro akateremka anatabasamu, nikamwita ndani, nikamwekea karatasi mbele yake. Nikamwambia anisomee chumba changu.

Alijua papo hapo. Hakujitetea sana, hilo nitalisema kwa haki yake. Akasema mkewe hawezi kukaa nyumba moja na wifi, akasema watoto wanakua, korosho zinataka mahali. "Biasha atakupokea kule Mlandizi. Nimeshazungumza naye." Biasha ni binti wa baba mdogo, tumekua naye sahani moja. Kumbe naye alikuwa anajua.

"Miaka kumi na minne nimeishi humu, Zahoro."

"Umeishi, dada, sikukufukuza. Lakini nyumba wazee walinipa mimi. Wewe fungu lako lilikuwa minazi." Akatazama nje kupitia dirishani. "Na minazi umeiangusha mwenyewe. Watu wameona."

Aliyasema hayo polepole, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ningetukanwa ningeumia kidogo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliniuliza chumba nakitaka upande gani. Nililia mbele yake na wala sikujificha uso. Niende kwa nani nikaseme nini? Mashahidi wote walinitazama nikiinua shoka.

Nje Matano alikuwa ameshafika, na majirani wamekusanyika chini ya ule mnazi wa saba. Nikajifuta na ncha ya khanga, nikatoka. Matano akaniinulia mpini.

"Karibu, mwenye mti."

Nikalipokea shoka, nikaketi nalo kizingitini, nikaliweka mapajani.

"Piga, dada," Zahoro akasema.

"Huu sipigi."

Watu wakatazamana. Zahoro akaja karibu, akainama, akaninong'oneza kwamba tusiaibishane mbele ya watu, kwamba chumba kitapatikana tu, atamwambia fundi. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Huu unajua ni mnazi gani. Mama alifukia kitovu chako hapa siku baba alipoupanda. Maji ya kuumwagilia niliyachota mimi kisimani, mtoto wa miaka tisa, masika na kiangazi, maana niliambiwa ukifa huu na wewe utakonda. Sita umenipokonya kwa mdomo mtamu. Huu hunipokonyi."

Akamgeukia Matano, akamwambia akate tu, gharama ni yake. Matano akaja kizingitini, akalichukua shoka lake mapajani mwangu, akalitia begani na kwenda zake. Baadaye Zahoro alileta mkataji kutoka Kibaha, balozi wetu wa nyumba kumi akamrudisha barabarani.

Nyumba ilijengwa. Nzuri, bati linameta, saruji mpaka barazani. Ila sebule yake ina kona tatu na nusu, maana ile ya nne ilibidi ikatwe kuukwepa mnazi, na mgeni akiingia lazima aulize. Mimi nimekaa Mlandizi kwa Biasha, maana nyumba ya Kurui ilikuwa ya Zahoro kweli na mimi sikuwa na pengine. Biasha simsemeshi zaidi ya chumvi na maji.

Kila baada ya miezi mitatu nakwenda Kurui kuangua. Napita uwanjani bila hodi, nakaa kwenye kimojawapo cha visiki vyangu, namngoja Matano apande. Nazi nyingine zinadondokea bati, nazo zina kishindo. Wazee walinigawia saba, nimebakiwa na mmoja, na huo mmoja ndio ule niliomwoteshea yeye.

Zahoro akiwepo hutoka barazani. Ameanza kuota mvi. Husimama hapo kwenye ile kona iliyokatwa, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni akishakosa.

"Shikamoo, dada."

Nainama, naokota nazi zangu.