Kaisari wa Baiskeli

Kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wa Butembo walibeba viti kutoka nyumbani kwao hadi ukumbi wa paruwasi, kwa sababu mabenchi ya padri hayakutosha, na yaliyokuwepo yalikuwa na misumari. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja yalitundikwa ukutani. Injini ya umeme iliwekwa nje, chini ya dirisha, na ikishawashwa ilinguruma hata mtu na jirani yake wasisikizane bila kupigiana kelele sikioni.

Filamu ilikuwa moja tu, maisha ya Yesu, ndani ya makopo manne ya bati. Haikuwa na sauti. Sauti ilikuwa Mathe Melchior.

Melchior alikuwa karani wa paruwasi. Aliwahi kusoma seminari, akarudi nyumbani kabla ya upadri kwa sababu ya macho, au ndivyo mama yake alivyoeleza watu. Kweli alivaa miwani. Siku ya sinema alisimama kando ya shuka na kipaza sauti cha bati, akawatilia maneno mdomoni watu wa Yerusalemu wote, wema kwa wabaya. Yosefu wake alilalamikia matope ya barabara ya Lubero. Herode wake alikohoa kama mkuu wa kodi. Watu walimpenda. Alikuwa na ulimi mwepesi, na alijua kwamba anao, na ubaya wote ulianzia hapo.

Kaisari Augusto alionekana mara moja tu, mwanzoni, akiamuru watu wa dunia yote waandikwe. Alikaa kwenye kiti chake, akainua kidole, karani wake akaandika, basi. Ukianza kusali Baba Yetu anapotokea, ukifika kwenye mkate wetu wa kila siku ameshaondoka. Lakini mwaka 1961, uhuru ukiwa mchanga na watu bado wepesi wa kucheka, Melchior alikitazama kile kipara chenye majani pembeni, akaitazama na ile pua, akatangaza kwamba mtawala wa dunia nzima anafanana na Nzanzu wetu, fundi wa baiskeli.

Ukumbi uliangua kicheko. Nzanzu mwenyewe alipanda juu ya kiti, akainua kidole chenye grisi. Tangu siku ile akawa Kaisari. Hata mkewe Kanyere alimwita hivyo alipomwambia chakula kinapoa. Kwenye ubao wa karakana yake aliandika KAISARI kwa herufi kubwa, na VÉLOS, yaani baiskeli kwa Kifaransa, kwa herufi ndogo.

Waasi waliingia mwezi wa Agosti 1964. Walikuwa na orodha ya watu wa serikali waliowataka: makomisari, maburugumesta, makarani. Melchior walimkamata mbele ya ukumbi kwa kosa la kuvaa miwani. Kapteni wao, kijana aliyejizungushia majani kichwani, alimvua ile miwani, akaishika mkononi, akamwuliza bila kelele serikali ya hapa ni nani.

Melchior alipoogopa, kichwa chake kilijaa filamu. Akasema, "Kaisari."

"Komisari?"

"Kaisari."

Kapteni alitafuta kwenye orodha, asikione cheo hicho. Akauliza, kati ya Kaisari na komisari, nani mkubwa. Na Melchior, ambaye alifundishwa Kilatini miaka sita na hakuweza kuliacha kosa lipite, alijibu kwamba Kaisari ndiye mkubwa, na komisari hamfikii hata magotini.

Kapteni aliridhika. Alimrudishia miwani, akamwambia aende kwake. Wakati huohuo Paluku alikuwa akipita na mzigo wa kuni, naye akaulizwa Kaisari anakaa wapi. Paluku alikuwa ndugu wa Nzanzu kwa baba. Aliona waasi wanasukuma baiskeli mbili zenye matairi yaliyopasuka, akafikiri wanatafuta fundi. Akasema ni nyumbani kwetu, karibuni, akatangulia mbele.

Melchior aliwatazama hadi kwenye kona. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Angesema tu kwamba hilo ni jina la utani, kila mtu barabarani angeitikia. Lakini mkono mmoja wa miwani ulikuwa umepinda, naye akasimama pale akiunyoosha, akaunyoosha vizuri kabisa, kisha akaenda nyumbani. Nzanzu alipigwa risasi mbili chini ya ubao wake. Ushahidi mwingine haukuhitajika, kwa kuwa cheo kilikuwa kimeandikwa pale juu kwa mkono wake mwenyewe.

Jeshi liliporudi na waasi wakarudi porini, Abbé Ésaïe, padri wa paruwasi, alifukua makopo ya filamu kutoka shimo la viazi nyuma ya sakristia. Jumapili ya kwanza ya Februari 1965 sinema ikaanza tena. Kaisari alipotokea, alikuwa Nzanzu.

Alivaa vazi la Kirumi juu ya kabuti lake la mvua, na pampu ya baiskeli ilikuwa mapajani pake. "Amekonda," Kanyere alisema, na wanawake waliokaa naye wakakubali kwamba amekonda kidogo. Baada ya onyesho Abbé Ésaïe aliukagua mkanda kwenye mwanga wa mlango, kipande kwa kipande. Kwenye mkanda alikuwa yule Mzungu wa siku zote. Abbé alifuta lenzi kwa kitambaa, akatangaza kwamba mashine haina ubovu, na kwamba kuanzia wiki ijayo familia ya Nzanzu ikae mbele.

Kwa sababu ya injini, hakuna aliyesikia alichosema Nzanzu isipokuwa Melchior, aliyesimama ameligusa shuka kwa bega. Nzanzu alimgeukia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta spana.

"Melchior, nani aliambia bale bantu kama mimi niko Kaisari?"

Ukumbi uliona midomo yake ikicheza, ukangoja. Melchior aliinua kipaza sauti.

"Anabasalimia. Anauliza kama muko bazima."

"Tuko bazima," ukumbi ukaitikia, na karani wa Kirumi akaanza kuandika.

Jumapili iliyofuata Nzanzu aliuliza vilevile, na Melchior akasema kwamba anawatakia mavuno mema. Ya tatu, kwamba anamsalimu mama yake. Mama yake, kikongwe wa watu, alilia kwa furaha, akamletea Melchior kuku. Melchior na mkewe walimla mzima, na kila tonge Melchior alilionea haya, lakini ili kumrudisha angepaswa kueleza.

Sasa, kwa desturi ya huko Nzanzu ni jina la mtoto wa kiume wa kwanza, na Paluku vilevile ni jina la mtoto wa kiume wa kwanza. Kila mmoja alikuwa kifungua mimba cha mama yake, chini ya baba mmoja. Boma lenye wazaliwa wa kwanza wawili linaangaliwa sana na majirani, na la akina Nzanzu lilikuwa limeangaliwa miaka thelathini bila ugomvi wowote kutokea, jambo lililowachosha watu. Basi walipokumbuka nani alitangulia mbele ya waasi siku ile, kila kitu kiliwakaa sawa. Wazee wa ukoo walisema hawataki kumwonea mtu. Marehemu yupo, anaonekana kila Jumapili, aseme mwenyewe. Akimtoa Paluku hatiani, Paluku atabaki. Asipomtoa, Paluku achukue mke wake na jembe lake aondoke.

Jumapili hiyo hakuna aliyetafuna kitu ukumbini. Nzanzu alipotokea, Kanyere alisimama, akapaza sauti kuishinda injini: "Papa Melchior, umuulize kama ni Paluku alimuuzisha."

Hakukuwa na haja ya kumwuliza, Nzanzu alikuwa amesikia. "Paluku alionyesha njia tu," alisema. "Jina ndiyo nauliza. Jina ilitoka wapi?"

Melchior alijiambia kwamba nusu ya kwanza haiwezi kutafsiriwa bila nusu ya pili. Huo ulikuwa uongo, tena wa kitoto. Alikuwa amemkatia Pilato maneno mengi kuliko hayo, Jumapili nenda Jumapili rudi, na Pilato hakuwahi kulalamika. Akainua kipaza sauti.

"Hajibu," alisema. "Anaangalia chini."

Kwenye shuka Nzanzu alikuwa anamwangalia yeye, macho kwa macho, na ukumbi mzima uliona hivyo. Lakini walishazoea kuamini sikio kuliko jicho. Kabla mwezi wa tatu haujaisha Paluku alikuwa ameondoka na watu wake kwenda Beni, akapata kazi ya kukata majani huko Mavivi.

Melchior hakupata usingizi wala ladha ya chumvi. Alijichukia, na zaidi alijichukia alipokuwa akichekesha watu, kwa sababu bado alichekesha. Mwisho aliungama. Abbé Ésaïe, nyuma ya kitambaa cha zambarau, alimpa rozari tatu na kumwambia aende kwa Paluku.

Alipanda lori la mzee Jumaine, mchuuzi wa Beni, akakaa juu ya magunia ya vitunguu, na kutoka Beni akaenda kwa miguu hadi Mavivi. Paluku alimwona kwa mbali, akaliangusha panga, akamkimbilia. Tangu afike huko hakuna mtu wa Butembo aliyemtembelea. Mkewe alipika ndizi na samaki, wakamkalisha mgeni kwenye kiti pekee. Paluku alitaka kujua kama yaya, kaka yake, anaonekana vizuri, kama kikohozi kimemwacha, kama bado anayo ile pampu. Melchior alijibu yote. Kisha Paluku akainamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliwapeleka," alisema. "Nilibeba kuni, nikatembea mbele, hata nilipiga nao stori. Mama Kanyere iko na haki. Mais lakini umwambie yaya, nilifikiri ni matairi tu."

Hapo ndipo pa kusema palipokuwa. Melchior alifungua mdomo, na mke wa Paluku akamwongezea samaki. Aliondoka bila kusema. Paluku alimsindikiza hadi barabarani na kumpa mkungu wa ndizi ampelekee Kanyere. Kanyere hakuugusa. Melchior akarudi nao, mkungu ukabaki mbele ya nyumba yake, kila mpita njia akauona.

Jumapili iliyofuata alisimama mahali pake. Nzanzu alitokea, akamgeukia, akauliza lile alilouliza siku zote. Melchior alimjibu, na akajibu ndani ya kipaza sauti ili watu wote wasikie.

"Ni mimi. Mimi Melchior ndiye nilitoa jina. Paluku hana kosa. Nzanzu amemutoa Paluku tangu mwezi wa pili, na mimi nilificha."

Nzanzu alisikiliza hadi mwisho. Aliitikia kwa kichwa kama fundi aliyeona pancha ilipo, akainua kidole, karani akaandika, picha ikapita. Abbé Ésaïe alizima mashine. Injini ilizimwa pia, na katika ukimya ule Kanyere akasimama.

"Bwana yangu hapana sema hivi," alisema. "Tunamujua. Yeye anasalimiaka, anaulizaka mama yake. Wewe ulienda Mavivi, Papa Melchior, ulikula samaki ya Paluku, na ndizi yake tuliona mbele ya nyumba yako. Sasa unataka kumubebea muzigo. Uko na roho muzuri. Mais usitie maneno mu kinywa ya mufu wangu."

Melchior alisema tena kwamba ni yeye. Alieleza miwani, kapteni, komisari. Watu walimsikiliza kwa heshima, na waliokaa nyuma walifuta machozi, kwa kuwa alieleza vizuri, kama alivyoeleza siku zote. Mzee mmoja wa ukoo alisema karani wa namna hii ni baraka kwa paruwasi. Abbé Ésaïe, aliyejua yote na asiyeweza kusema lolote, alitazama mashine yake. Ikaombwa filamu iendelee.

Kuanzia hapo Nzanzu hakufungua mdomo tena. Alikuwa amepata jibu lake. Kila Jumapili alitokea, akakaa na pampu yake, akawatazama watu kwa upole, midomo imefungwa. Watu walingoja mara ya kwanza, wakangoja ya pili. Mara ya tatu mama yake alianza kulia kwa sauti, akisema mwanawe amewakasirikia. Kanyere alimgeukia Melchior.

"Anasema nini?"

Melchior aliitazama ile midomo iliyofungwa. Alimfikiria Paluku na panga lake kwenye majani ya Mavivi, akaona kwamba kazi iliyobaki ni ile anayoiweza.

"Anasema amesamehe bote," alisema.

"Hata Paluku?"

"Hata Paluku."

Kanyere alilifikiria jambo hilo, huku mumewe kwenye shuka akiinua kidole.

"Yeye alishakufa, anaweza kusamehe," alisema. "Mimi ningali muzima."

Kisha akaketi, akamtazama Yosefu akifunga mizigo ya kwenda Betlehemu.