Supu ya Mwikali na Sindano ya Mumo

Nawaandikia akina mama ambao mtoto wao anajidunga insulini. Kabla hujampikia supu isiyo na wanga, uliza kwanza kuhusu dawa.

Ilikuwa Julai, baridi ya Machakos imeshika. Mwikali, dada mkubwa wa mume wangu, alitutembelea kutoka Syokimau. Mwanangu Mumo ana miaka kumi na saba, na kisukari amekuwa nacho tangu darasa la tatu.

"Mama Mumo, huyu mtoto unamjaza ugali ndio sukari ipande," Mwikali akasema. "Leo napika mimi."

Alikaanga kitunguu na tangawizi, akatia nyanya, kabichi, uyoga na majani ya malenge, akaacha vichemke polepole. Viazi alikataa kabisa. Nyumba nzima ilinukia.

Mumo akatoa sindano yake, kipimo kilekile cha siku ya ugali.

"Si apunguze?" nikauliza.

"Wewe na wasiwasi wako!" Mwikali akanikatiza. "Hata kuku akikohoa unaita daktari."

Mumo alicheka, akajidunga. Mwikali ni mkubwa kwangu, nikapakua supu. Mtoto akanywa bakuli mbili, bila kitu kingine.

Haikuchukua muda, jasho likamtoka usoni. Sisi wengine tulikuwa ndani ya masweta.

"Umeona?" Mwikali akasema. "Baridi imetoka. Supu inafanya kazi!"

"Mumo, uko sawa?"

"Madam, sijamaliza hesabu," akanijibu, kana kwamba mimi ni mwalimu wake. Mikono ilitetemeka, kijiko kikaanguka.

Nilikoroga sukari nyingi kwenye kikombe cha maji.

"Aiya! Sukari tena? Unataka kuua mtoto?"

"Toka hapo, Mwikali!"

Alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha kidogo kidogo. Angekuwa amezimia singemtia kitu mdomoni, angepaliwa. Ningemkimbiza hospitali hivyo hivyo.

Mwishowe akaniangalia. "Mama, mbona umenishika hivi? Niko na njaa."

Nilimpa ugali, kisha tukampeleka kliniki. Nesi alisema supu yenyewe ni nzuri, lakini sindano inataka chakula cha kufanyia kazi. Ukitoa ugali kabla daktari hajapanga dawa upya, sukari inaanguka.

Mwikali alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hivyo angekufa?"

"Ndiyo, mama. Angeweza," nesi akamjibu.

Mwikali akatafuta benchi, akakaa.