Pazia la Vifungo

Kila Jumamosi jioni, Mama Wilkister alitoa kiberiti kwenye mfuko wa aproni na kuwasha lile rundo nyuma ya soko la mitumba la Malaba. Hiyo ndiyo iliitwa fagia: nguo zinazobaki chini ya belo wateja wakishachagua, fulana zilizotoboka, mashati ya kola zilizolika, jezi zisizo na mwenyewe. Moshi wake ulikuwa mweusi. Amoding, fundi kijana aliyeshonea kwenye kibaraza cha mwisho, aliusikia kooni hadi Jumatatu.

"Niachie hilo rundo, mama," alimwambia Jumatatu moja. "Nitalimaliza."

"Utalimaliza aje? Utalila?"

"Nitashona mapazia ya malori."

Wachuuzi walicheka. Amoding hakukasirika. Malori ya kuvuka kwenda Uganda yalipanga foleni mchana na usiku, na madereva walilala humo humo, vioo vikiwa vimezibwa kwa magazeti. Aliamini kabisa kwamba mtu anayelala barabarani anastahili pazia zuri.

"Sawa," Wilkister alisema. "Jumamosi uwe umeuza hata moja. Ukishindwa, nachoma fagia na hayo mapazia yako."

Amoding alifua, akakata vipande vya kipimo kimoja. Badala ya kuviunganisha kwa uzi, alivitia matundu na vifungo vilivyotoka kwenye mashati yale yale, ili kipande kikichakaa kitolewe, kingine kiingie, na pazia liendelee kuishi.

Wilkister alipoliona alitikisa kichwa. "Sasa dereva atalifunga dirishani ama atalivaa harusini?"

Jumamosi, jua likishukia upande wa Uganda, mteja wa kwanza alifika. Alikuwa Wabwire, dereva wa kutoka Nambale. Alilipapasa pazia, akalinusa, akaridhika. Kisha akalikunjua lote, na katikati pakatokea mistari ya kijani na nyeupe.

"Hii ni Gor," alisema.

"Ni kijani tu, boss."

"Dada, mimi ni mtu wa Ingwe. Baba yangu ni mtu wa Ingwe. Nikilala chini ya jezi ya Gor nitaamka mgonjwa."

"Lala tu," alidakia Okwakol, dereva mwenzake, soda mkononi. "Pengine kwa mara ya kwanza utaamka umeshinda."

Madereva waliokuwa nyuma yao waliangua kicheko. Amoding hakuujua mpira kabisa, wala hakujua kwamba Gor na Ingwe ni timu hasimu. Alikuwa amechagua kijani kwa sababu kilimkumbusha shamba la mtama la nyanya yake. Nyuma yake, njiti zilicheza ndani ya kiberiti cha Wilkister.

Ndipo akakumbuka vifungo.

"Ingwe ni rangi gani?"

"Buluu na nyeupe. Hata hiyo hujui?"

Akachutama kwenye kikapu, akatoa kipande kilichokuwa sare ya buluu yenye mistari myeupe. Wabwire mwenyewe alifungua vifungo, akakitoa kile cha kijani kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa ng'ombe kupe. Kabla soda ya Okwakol haijaisha, pazia lilikuwa la Ingwe.

"Likichanika, ama ukihama timu, rudi nikubadilishie," Amoding alisema.

"Kuhama? Chunga mdomo, dada." Lakini alikuwa akicheka, na mkono ulikuwa tayari mfukoni.

"Hiyo kijani aliyokataa nipatie mimi," Okwakol alisema. "Nishonee pazia mzima ya hiyo."

Wa nyuma yake alitaka nyekundu. Aliyemfuata aliuliza kama maua yapo.

Giza lilipoanza kuingia, Wilkister alikuwa bado amesimama kando ya rundo. Amoding alimtazama. Yule mama alitoa njiti, akainama, akawasha jiko la chai.

"Kuna blauzi ya buluu hapo chini," alisema bila kugeuka. "Nitolee. Nataka pazia ya chumba changu."

"Nichanganye na nini, mama?"

"Na chochote. Lakini kijani, hapana."